Kunakili darizi ya bibi kwenye kompyuta: kigeuza picha, Excel, GIMP au programu ya chati?

Kitambaa kina misalaba, yaani mishono midogo yenye umbo la X, 186 kwa upana na 142 kwa kimo. Nimeihesabu mara tatu, kwa sindano butu na kioo cha kukuzia, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili majibu hayakulingana. Ndege wawili wanatazamana, katikati yao kuna kikapu cha waridi, na chini kabisa zipo herufi mbili za jina la bibi. Karatasi ya mchoro haikubaki. Aliyekidarizi hayupo tena, na kitambaa chenyewe kimeanza kukatika kwenye mikunjo. Nilitaka mchoro huo uingie kwenye kompyuta, ili mjukuu yeyote atakayeshika sindano baadaye aupate mzima, msalaba kwa msalaba.

Nimejaribu njia nne: kugeuza picha kuwa chati (mchoro wa miraba, kila mraba msalaba mmoja) kwa kubofya tu, kujaza miraba kwenye Excel, kuinyoosha picha kwa GIMP, na kufuatisha mchoro kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kudarizi. Nitazilinganisha hapa, na ninakoegemea nakuambia mapema. Kompyuta haikuhesabii misalaba. Mhesabuji ni wewe, na njia nzuri ni ile inayokurahisishia kuhesabu na kukuonyesha upesi ulipokosea. Kila nilipolisahau hilo nilipoteza jioni nzima.

Una nini mkononi?

Swali hili huulizwa na watu wa aina tatu, na haiwezekani kuwapa jibu moja. Wa kwanza ana kitambaa chenyewe. Wa pili ana karatasi ya zamani yenye miraba, pengine imechanika, pengine imejaa alama za penseli za mshonaji aliyekuwa akikata kila mraba aliokwisha kuushona. Wa tatu ana picha tu, labda iliyopigwa na ndugu miaka mingi iliyopita, kitambaa kikiwa kimetandikwa mezani.

Huyu wa tatu nianze naye kwa sababu habari yake ni fupi. Kuza picha hadi uone msalaba mmoja mmoja. Kama kila msalaba una pikseli zake, walau tano au sita kwa upana, unaweza kuhesabu na kunakili. Kama maua yanageuka ukungu wa rangi, hutanakili kitu; utakuwa unabuni mchoro mpya unaofanana na ule wa zamani. Si vibaya kufanya hivyo, ila ujue ndicho unachokifanya, na uwaambie utakaowaachia.

Mwenye karatasi ana bahati kuliko wote, maana kazi ya kuhesabu imekwisha kufanywa na mchoraji. Mwenye kitambaa ndiye mwenye kazi kubwa, na ndiye ninayemwandikia zaidi.

Miraba isiyo miraba

Kuna jambo moja ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua siku ya kwanza. Vitambaa vya Aida vinavyouzwa leo hufumwa vikiwa na vishimo vinavyolingana pande zote mbili: Aida ya 14 ina misalaba 14 kwa kila inchi, ukienda kulia au ukishuka chini. Vitambaa vingi vya zamani si hivyo. Kitani cha bibi kina nyuzi 11 kwa kila sentimita upande mmoja na 10 upande wa pili, kwa sababu nyuzi za mtande (za urefu wa kitambaa) zilibanana kuliko za mshindio (zinazopita kati yake). Kila msalaba umeruka nyuzi mbili. Kwa hiyo misalaba yake si miraba. Ni mirefu kidogo kuliko upana wake.

Piga hesabu uone madhara yake. Misalaba 186 ikiwa mitano na nusu kwa sentimita inachukua takriban sentimita 33.8. Misalaba 142 ikiwa mitano kwa sentimita inachukua 28.4. Sasa piga picha kitambaa hicho na uipe programu inayodhani kila msalaba ni mraba kamili, uiambie upana ni 186. Itakupa kimo cha misalaba 156. Safu 14 zimeongezeka ambazo bibi hakuzishona kamwe! Zimesambaa katikati ya mabawa na shingo za ndege, na hutaziona kwa macho mpaka ulinganishe hesabu.

Ndiyo maana nasema hesabu kwanza. Hesabu kingo zote mbili, uandike. Kama kitambaa bado kina nguvu, pitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti kila baada ya misalaba kumi, kwa sindano butu, bila kutoboa uzi wowote wa zamani. Kama kimechoka, usikiguse. Weka alama hizo juu ya picha tu. Namba hizo mbili, upana na kimo, ndizo zitakazokuambia kama njia yoyote kati ya zinazofuata inakudanganya.

Kuhusu picha yenyewe, skana ni bora kuliko simu, kwa kuwa haipindi kingo wala haiachi kivuli cha mkono wako. Kwa pikseli 300 kwa inchi, msalaba wa ukubwa wa Aida ya 14 unapata pikseli 21 hivi, nazo zinatosha. Kwa 600 unapata kama 43, na hapo unaona hata msalaba ulioshonwa kinyume. Kitambaa kikizidi kioo cha skana, skani vipande vinavyopishana kidogo. Usikipige pasi kwanza wala usikifue ili "kionekane vizuri". Nyekundu za zamani hutoka rangi zikiguswa na maji.

Kigeuza picha: dakika moja, kisha saa nyingi

Hizi ndizo programu ambazo kila anayeanza huzikimbilia. Unaweka picha, unachagua ukubwa na idadi ya rangi, unapata chati yenye alama na namba za nyuzi. Pic2Pat inafanya hivyo ndani ya kivinjari, na karibu programu zote za chati zina kitufe cha kazi hiyo. Kwa picha ya mtoto au ya mandhari ni msaada mkubwa. Kwa darizi ya zamani, nimeona zikishindwa kwa namna ileile kila mara.

Waridi moja ambalo bibi alilishona kwa rangi nne lilinirudia na rangi 38. Nilidhani nimekosea mpangilio, nikajaribu tena. Kisha nikakuza picha na kutazama msalaba mmoja mwekundu, nikaelewa. Uzi una mng'ao juu ya mgongo wake na giza kandokando. Pale mikono miwili ya msalaba inapopishana kuna kivuli. Kwenye pembe nne vishimo vya kitani vinachungulia, vikiwa na rangi ya majani makavu. Jicho la binadamu linasema "mwekundu" na kuendelea. Kigeuza picha hakijui msalaba ni kitu gani; kinaona vidoa vya mwanga, na kila kidoa kinakitafutia uzi wake.

Ukikibana kwa kukiambia rangi nne tu, kosa linahamia kwingine. Kivuli cha kitani kinageuka misalaba ya kijivu iliyotawanyika mahali ambapo bibi hakushona chochote, na kijani cha jani kinaunganishwa na kahawia ya kikapu. Halafu kuna vitu visivyoingia kabisa: mistari ya mshono wa kurudi nyuma inayozunguka petali, nusu misalaba ya kwenye mdomo wa ndege, fundo dogo la jicho. Vyote hivyo vinamezwa ndani ya mraba ulio karibu.

Ninapokubali kigeuza picha ni hapa tu: karatasi ya chati ya rangi, iliyoskaniwa ikiwa imenyooka. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa Berlin walianza kuuza michoro ya aina hiyo, kila mraba umepakwa rangi kwa mkono, na chati nyingi zilizofuata ziliiga mtindo huo. Hapo mraba mmoja ni rangi moja kweli. Hata hivyo, mistari ya gridi itaingia kwenye rangi kama usipoipunguza kwanza, kwa namna nitakayoieleza kwenye GIMP.

Excel na LibreOffice Calc: zana duni inayofanya kazi

Watu huona aibu kusema wanatumia Excel, au Calc ambayo ni mwenzake wa bure, kwa darizi. Mimi sioni aibu. Mtu akiwa na karatasi ya chati ya alama nyeusi na nyeupe, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, hasa wakiwa wawili. Mmoja anasoma safu kwa sauti: "Tupu tatu, nukta tano, tupu moja, pembetatu mbili." Mwingine anaandika. Ukifika mwisho wa safu, unataja namba. Ikiwa hailingani na upana wa mchoro, mnarudia safu hiyo hapohapo, kabla kosa halijapata watoto.

Mambo ya kujua ni machache, ila yanauma usipoyajua. Kwanza, upana wa safuwima hupimwa kwa herufi na kimo cha mstari hupimwa kwa pointi, kwa hiyo ukiandika namba ileile pande zote hupati mraba. Buruta mpaka huku ukitazama pikseli zinazoonyeshwa, hadi zote ziwe 20. Na hapa kuna zawadi: unaweza pia kuweka 20 kwa 22, ukauona mchoro katika umbo lake halisi la kitani kile, ndege wakiwa warefu kidogo kama bibi alivyowaona.

Pili, chagua herufi badala ya alama. Ukianza kisanduku kwa alama ya jumlisha au ya sawasawa, Excel inadhani unaandika hesabu. Alama ya mkwaju inafungua menyu. Tumia a, b, c, na kadhalika, kisha weka sharti la rangi (Conditional Formatting) ili kila herufi ijipake yenyewe: b iwe nyekundu iliyokolea, g iwe kijani. Usitumie b ndogo na B kubwa kwa rangi mbili tofauti, maana COUNTIF, fomula ya kuhesabu visanduku, haitofautishi herufi kubwa na ndogo na itazijumlisha pamoja. COUNTIF yenyewe ndiyo sababu kubwa ya kuipenda njia hii: kwa mstari mmoja wa fomula unajua waridi lina misalaba mingapi ya kila rangi.

Inapokwama ni kwenye mistari. Mshono wa kurudi nyuma ukipita kingoni mwa miraba, unaweza kuuchora kwa mipaka ya visanduku. Ukipita kwa mshazari kuvuka visanduku viwili au vitatu, unahangaika. Kuchapisha nako kunahitaji subira, kwa kuwa kurasa hukatwa popote zinapojaa usipoweka mipaka mwenyewe. Na hakuna picha ya kufuatisha iliyolala vizuri chini ya visanduku. Unasoma huku na kuandika kule. Kwa karatasi yenye gridi, jicho lina pa kushika. Kwa kitambaa, jicho linapotea.

GIMP: daraja, si mwisho wa safari

GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha, na mimi siitumii kuchora chati. Naitumia kuiweka sawa picha ya kitambaa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtu mwenye kitani kisicholingana kama changu, hatua hii ndiyo iliyookoa kazi nzima.

Hatua zenyewe ni hizi. Unganisha vipande ulivyoskani. Kwa zana ya kurekebisha mtazamo, vuta pembe nne za mchoro mpaka ziwe pembe mraba. Kata picha ianze hasa kwenye ukingo wa msalaba wa kwanza na kuishia kwenye ukingo wa msalaba wa mwisho. Kisha badili ukubwa, ukiwa umefungua kiungo kinachofunga upana na kimo pamoja: misalaba 186 mara 20 ni pikseli 3,720, misalaba 142 mara 20 ni 2,840. Sasa kila msalaba, uwe ulikuwa mrefu au mfupi, umekuwa mraba wa pikseli 20. Washa gridi ya pikseli 20 na utazame.

Mara ya kwanza gridi ilipokaa juu ya kikapu, kila kijiti cha kikapu kikiwa ndani ya mraba wake, niliita watu waje kuona. Haikukaa hivyo kila mahali. Kitambaa kilichofuliwa miaka mingi kimevutika huku na kule, na kufikia shingo ya ndege wa kulia gridi ilikuwa imeteleza nusu msalaba. Dawa yake ni kukata picha katika vipande vya misalaba 30 hivi na kunyoosha kila kipande peke yake. Zile nyuzi za kila misalaba kumi zinalipa gharama yake hapa, kwani zinakuonyesha pa kukata.

Kuna njia ya katikati ambayo wapenda haraka wataipenda. Picha ikishanyooka, ipunguze mpaka pikseli 186 kwa 142, yaani pikseli moja kwa kila msalaba, kisha ibadilishe iwe ya rangi chache zilizoorodheshwa, sita au nane. Mng'ao na vivuli vya kila msalaba vinachanganyika kuwa rangi moja, na kile ambacho kigeuza picha kilishindwa kukifanya kinakaribia kufanyika. Kwa chati ya karatasi, kata kwanza mistari ya gridi kwa kuifunika au kuififisha, ndipo upunguze. Ukiikuza tena ili uitazame, zima ulainishaji, la sivyo rangi mpya zitazaliwa kwenye mipaka. Kwa darizi iliyojaa kitambaa chote, njia hii ilinipa kazi inayofaa kusahihishwa. Kwa darizi yenye misalaba michache juu ya kitani tupu, bado napendelea kufuatisha kwa mkono.

Programu za chati: hapa ndipo ningekaa

Kwa Windows kuna PCStitch na Pattern Maker. MacStitch na WinStitch ni pacha, moja ya Mac na nyingine ya Windows. Kwenye Linux kuna KXStitch, ambayo ni ya bure. Stitch Fiddle na FlossCross hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Zinatofautiana kwa sura, lakini zote zinajua msalaba ni nini, na hilo ndilo Excel na GIMP hazilijui. Unachagua uzi kwa namba yake, unaujaza kwenye miraba, unachora mistari ya kurudi nyuma kwa mshazari upendavyo, kwa nyingi unaweka mafundo na nusu misalaba, na mwisho unapata kurasa zenye alama, orodha ya nyuzi na idadi ya misalaba.

Mtu akiniuliza achague ipi, simuulizi kompyuta yake ni ya aina gani kwanza. Namwambia atafute jambo moja kwenye jaribio la bure: je, inakuruhusu kulaza picha chini ya gridi, ikiwa imefifia, na kujaza miraba juu yake? KXStitch ina picha za nyuma za namna hiyo. Picha uliyoinyoosha kwa GIMP ukiilaza pale, pembe zake zikakutana na pembe za gridi ya 186 kwa 142, kazi inakuwa ya kupendeza. Unafuata petali moja, unafuata ya pili, na macho hayaruki tena kutoka kitambaani kwenda kwenye skrini. Programu isiyo na uwezo huo bado inafaa kwa mwenye karatasi, lakini kwa mwenye kitambaa itamchosha.

Kuna kishawishi kimoja ndani ya programu hizi ambacho lazima nikitaje: kitufe cha kioo. Ndege wangu wawili wanatazamana. Ukishamaliza mmoja, mbofyo mmoja unamzaa wa pili amegeuka. Nilifanya hivyo, nikafurahi, kisha nikailinganisha na picha. Ndege wa kulia ana manyoya manne mkiani, wa kushoto ana matano. Bibi alihesabu vibaya, au uzi ulimwishia, au alichoka usiku ule. Kioo kilikuwa kimefuta kosa lake bila kuniuliza. Nimerudisha manyoya manne. Anayetaka ndege wanaolingana atawasawazisha mwenyewe kwenye nakala yake. Faili ya kwanza ibaki kama mkono wa bibi ulivyoiacha.

Hivyohivyo kwa sehemu zilizoliwa. Nondo hula sufu na kuacha pamba. Nyuzi nyeusi na kahawia za zamani mara nyingi zimeoza zenyewe, kwa sababu dawa yenye chuma iliyotumika kushikisha rangi hiyo huula uzi polepole. Lakini uzi ukianguka, vishimo vya sindano hubaki, na kitani kilichokuwa chini yake huwa hakijapauka kama jirani zake. Kwa kioo cha kukuzia na taa iliyowekwa pembeni utaisoma misalaba isiyokuwepo. Kwenye chati, ipe misalaba hiyo alama yake ya pekee, ili anayekuja ajue ipi uliiona na ipi uliikisia kwa vishimo.

Rangi: usiulize skrini

Nilikuwa nimeshaskani upande wa mbele na kuchagua nyuzi zote nilipomwonyesha shangazi. Alikitazama kitambaa kwa muda, akakishika kwa ncha za vidole.

"Ulikiskani mbele, mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kigeuze."

Nyuma, mahali jua halikufika kwa miaka yote ile, waridi lilikuwa jekundu kama damu. Mbele nilikuwa nimelipa uzi wa DMC (kampuni ya nyuzi za kudarizi) namba 3328, ambao ni wa rangi ya samoni. Nyuma lilikuwa karibu kabisa na 321. Zambarau niliyodhani ni kijivu ilijitokeza pia, kwenye zabibu ndogo nilizokuwa nimezihesabu kuwa vivuli vya majani.

Hakuna programu itakayokufanyia hilo. Skani pande zote mbili, ukikumbuka kwamba ya nyuma imegeuka kama kwenye kioo na lazima uigeuze kabla ya kuilinganisha. Kisha funga skrini. Chukua kadi ya rangi yenye vipande vya nyuzi halisi, keti karibu na dirisha mchana, na uilaze nyuma ya kitambaa. DMC wana rangi 500 za uzi wa pamba wa nyuzi sita, kwa hiyo utaipata ya karibu, na mara nyingi utapata mbili na kubishana na nafsi yako. Ukitumia nyuzi za Anchor, usitegemee majedwali ya kubadilisha namba bila kutazama. Jedwali linakupa jirani, si pacha.

Mimi nimehifadhi orodha mbili ndani ya faili moja: rangi za nyuma, alizozishona bibi, na rangi za mbele, tulizokua tukiziona. Ndugu wengine wanataka ile iliyopauka, kwa sababu ndiyo waliyoijua.

Uchague ipi?

Ukiwa na karatasi ya alama nyeusi na nyeupe, anza na Excel au Calc, na utafute mtu wa kukusomea. Karatasi ya rangi, pitisha kwenye GIMP kisha jaribu kigeuza picha. Kitambaa, nyoosha kwa GIMP na ufuatishe kwenye programu ya chati yenye uwezo wa kulaza picha chini. Huna kompyuta ila simu au tableti? Zile za kwenye kivinjari zitakutosha kwa pambo dogo, herufi au mpaka wa maua, lakini kitambaa kizima kwa kidole kitakukatisha tamaa. Na usinunue kwa bahati mbaya programu ya cherehani ya kudarizi. Hiyo hutengeneza njia ya sindano kwa ajili ya mashine. Haikupi chati ya kusoma.

Kama mchoro wa bibi ulitoka kwenye pakiti ya kampuni au karatasi ya mbunifu, kuunakili kwa ajili ya familia na kuuza nakala ni mambo mawili tofauti. Tafuta jina lililochapwa kwenye ukingo kabla hujaugawa.

Faili nalo lifikirie mapema. PCStitch huhifadhi kwa .pat, Pattern Maker kwa .xsd, KXStitch kwa namna yake, na siku programu ikiacha kufunguka, mchoro umefungiwa ndani. OXS ni muundo wa wazi unaoandikwa kwa maneno ya kawaida, na programu kadhaa huusoma. Hifadhi ya programu yenyewe, OXS kama ipo, na PDF. Ukitoa PDF kutoka kwenye programu ya chati, alama zake zinaweza kusomwa na Pattern Keeper kwenye simu za Android, ikakutilia alama kila msalaba unaoushona. Picha ya skana haisomeki hivyo. Kisha chapisha nakala moja ya karatasi na uiweke pamoja na kitambaa.

Kama bado unasitasita, chagua kona moja ya misalaba 20 kwa 20, yenye rangi mbili au tatu, na uinakili kwa njia mbili huku saa ikiwa mezani. Kona yangu ilikuwa kwapa la ndege wa kushoto. Kigeuza picha kilimaliza kwa dakika moja, na kusahihisha kukanichukua dakika 50. Kufuatisha juu ya picha iliyonyooshwa kulichukua dakika 35, na nilipohesabu tena nikakuta kosa moja tu, kwenye safu ya 12.